Mtoto akiugua, kazi tunaiacha namna gani?
Haki na wajibu wa mama anayekosa kazi kwa sababu ya ugonjwa



Katika vikao vya vikundi vyetu kuna swali moja linalorudi kila mara, hasa nyakati za mvua, malaria inapopita nyumba kwa nyumba: «Nilikosa kazi siku tatu kwa sababu ya ugonjwa. Niliporudi, shefu akaniambia nafasi yangu imepewa mwingine. Je, sheria inamruhusu?» Wengine wanauliza kwa ajili ya bwana zao: baba amelazwa, kompani imekata mshahara wote, watoto wanakula nini?

Tumesoma Sheria ya Kazi ya inchi yetu, tumezungumza na wenzetu wanaojua mambo ya sendika, na hapa tunaeleza kwa lugha nyepesi. Si kila jibu litatufurahisha, maana kuna haki ambazo hatuzidai na kuna wajibu ambao hatuutimizi. Tutasema yote mawili.

Sheria ipi inatuhusu?

Kwa anayefanya kazi katika kompani, duka, shule ya mtu binafsi, hoteli au nyumba ya mtu, sheria inayomhusu ni Code du Travail, yaani Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Ilirekebishwa kwa sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016.

Wafanyakazi wa Serikali wenye namba ya matrikule, kama walimu na wauguzi wa Serikali, wana sheria yao nyingine. Wao waulize katika ofisi yao kabla ya kutumia mambo tunayoandika hapa.

Juu ya hiyo, kila kompani ina kanuni zake za ndani, «règlement d'entreprise». Ndizo zinazoeleza nani apewe habari unapougua, karatasi ya mganga ifike ofisini kwa muda gani, na adhabu gani inafuata. Kanuni hizo haziwezi kupunguza haki ambayo sheria ya inchi imekupa. Lakini ukizivunja, unampa mkubwa wako nguvu. Basi jambo la kwanza kwa kila mama anayeanza kazi ni kuomba kuzisoma. Kama Kifaransa kinamsumbua, azilete kwenye kikao na tutazisoma pamoja.

Unapougua wewe mwenyewe

Watu wengi hapa wanadhani kwamba mgonjwa halipwi mpaka arudi. Si hivyo. Sheria inasema kwamba ugonjwa au ajali inayomzuia mtu kufanya kazi inasimamisha kwa muda mapatano ya kazi, haiyavunji. Wakati huo mfanyakazi ana haki ya kupata sehemu mbili juu ya tatu za mshahara wake wa franka. Kama mshahara ni franka 300,000 kwa mwezi, mgonjwa aliyekaa nyumbani mwezi mzima kwa amri ya mganga anapaswa kupata franka 200,000. Posho ya watoto na faida nyingine zilizoandikwa katika mapatano haziondolewi.

Kuna mipaka. Anayekataa matunzo bila sababu, au aliyejitia katika hatari kwa kusudi akijua ubaya wake, anaweza kupoteza haki hiyo. Na ajali iliyotokea kazini ina njia yake, inayopitia CNSS, mfuko wa taifa wa ulinzi wa wafanyakazi. Ndiyo sababu ajali ya kazi lazima itangazwe upesi, isifichwe kwa kuogopa shefu.

Je, mkubwa wa kazi anaweza kumfukuza mgonjwa? Muda mapatano yamesimama kwa ugonjwa, hapana. Sheria inampa ruhusa ya kuvunja mapatano tu kama ugonjwa umeendelea miezi sita mfululizo bila kukatika, na hata hapo anapaswa kuandika barua na kulipa fidia inayolingana na muda wa preavi. Kwa aliyeumizwa na kazi yenyewe, au mwenye ugonjwa uliotokana na kazi, hata ruhusa hiyo ya miezi sita haipo.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Shirika la Kazi la Dunia, lenye makao yake Genève, lina Mapatano namba 158 ya mwaka 1982 yanayosema wazi kwamba kukosa kazi kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au kuumia si sababu halali ya kumfukuza mtu. Inchi yetu ilitia sahihi ya kuyakubali mwaka 1987.

Na matunzo ya hopitali? Hapa wazee wetu wanakumbuka vizuri. Katika miaka ya Union Minière na baadaye Gécamines, karatasi ya kazi ya baba ndiyo ilifungua mlango wa hopitali, wa shule na wa mposho kwa nyumba nzima. Halafu Gécamines ikaanguka, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika ule mpango ulioitwa «départs volontaires». Tangu hapo wengi wetu tumezoea kuamini kwamba matunzo ya jamaa ni huruma ya kompani. Lakini sheria ya leo bado inasema kwamba mwenye kuajiri anapaswa kumpa mfanyakazi pamoja na jamaa yake matunzo ya waganga, dawa, kulazwa hopitalini na usafiri wa mgonjwa, muda mapatano ya kazi yanaendelea. Mama ambaye bwana wake ana mapatano ya kazi, uliza juu ya bon ya hopitali. Ni haki ya watoto wako pia.

Karatasi ya mganga

Haki hizi zote zinasimama juu ya kitu kimoja: karatasi ya mganga, «certificat médical». Bila karatasi hiyo, mgonjwa na mtoro wanafanana machoni pa ofisi.

Wengi wetu tukishikwa na homa tunaanza na dawa za duka, tunalala siku mbili, na tunakwenda kwa mganga siku ya tatu au hatuendi kabisa. Tunaporudi kazini tumepona, hatuna la kuonyesha. Wahenga walisema: mficha maradhi kilio humfichua. Basi tufanye hivi:

Siku ile ile ya kwanza, tuma habari. Piga simu au andika ujumbe kwa shefu, na usiufute ujumbe huo. Kama huna simu, mtume mtoto mkubwa au jirani, naye apeleke karatasi yenye tarehe na sahihi yako.

Nenda kwa mganga anayekubaliwa na kompani kama yupo. Kama ni usiku au mbali, nenda kituo cha afya kilicho karibu, halafu eleza sababu.

Hakikisha karatasi ina jina lako kamili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza mapumziko, sahihi na muhuri. Jina la ugonjwa ni siri yako na mganga. Ofisi inahitaji kujua siku ngapi huwezi kufanya kazi.

Piga kopi kabla ya kuitoa. Unapoipeleka, omba mtu wa ofisi aandike tarehe na sahihi juu ya kopi yako.

Kama siku zimekwisha na hujapona, usingoje. Rudi kwa mganga akuongezee siku, na upeleke karatasi mpya kabla ya ile ya kwanza kuisha.

Neno moja zito. Kuna watu wanaouza karatasi za mganga kwa franka chache. Wamama, tukatae. Kutumia karatasi ya uongo ni kosa la kuadhibiwa na tribinali, na kazini linampa mkubwa sababu ya kukufukuza mara moja. Tena linawaharibia wengine: kila karatasi ya uongo inayogunduliwa inafanya ofisi isiamini karatasi ya kweli ya mama mwingine kesho.

Mimba na uzazi

Mama mjamzito anayefanya kazi ana haki ya juma 14 za konje ya uzazi: 6 kabla ya kuzaa na zisizozidi 8 baada ya kuzaa. Muda huo anapata sehemu mbili juu ya tatu za mshahara, mtoto awe hai au asiwe hai. Tunaandika maneno hayo ya mwisho kwa kusudi, maana kuna wamama waliofiwa na mtoto na kuambiwa warudi kazini kesho yake. Sheria haisemi hivyo.

Katika muda huo mapatano hayavunjwi. Mimba, kuzaa, na kukosa kazi wakati wa konje ya uzazi si sababu halali za kumfukuza mtu. Tena ni marufuku kumwomba msichana anayetafuta kazi aonyeshe kama ana mimba. Na mama anayenyonyesha ana haki ya vipindi viwili vya nusu saa kila siku, na vinalipwa kama saa za kazi.

Mtoto mgonjwa: shimo katika sheria

Sasa tufike kwenye swali la kichwa chetu, na jibu lake linauma.

Sheria yetu ina orodha ya siku zinazoitwa «congés de circonstance», siku ambazo mfanyakazi anakosa kazi na analipwa: siku 2 kwa ndoa yake mwenyewe, siku 2 bibi yake anapozaa, siku 4 akifiwa na bwana au bibi, mzazi au mtoto, siku 2 akifiwa na ndugu wa tumbo moja au babu na bibi, na siku 1 mtoto wake anapooa au kuolewa.

Someni tena orodha hiyo. Mtoto akifa, mama anapewa siku 4. Mtoto akiugua, mama ahangaike ili asife, orodha haisemi kitu.

Wenzetu wa Tanzania wana sheria ya kazi ya mwaka 2004 inayompa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake anapougua au kufa. Hivyo inawezekana kuliandika jambo hili katika sheria. Kwetu bado, isipokuwa pale mapatano ya sendika na kompani yameongeza siku hizo. Ndiyo maana ni vizuri kumwuliza delege wa sendika.

Na hopitali zetu tunazijua. Mtoto akilazwa, lazima awe na «garde-malade»: mtu wa kumpikia, kununua dawa, kufua, kuamka usiku serum inapoisha. Mtu huyo ni nani? Ni mama. Hapo ndipo wengi wetu wanapotezea kazi. Si kwa uvivu wala kwa utoro. Ni kwamba mlango wa kompani na mlango wa hopitali vinamwita mtu mmoja saa moja.

Tufanye nini sheria ikiwa hivyo?

Kwanza, omba ruhusa, hata kama sheria haimlazimishi shefu kuitoa. Barua fupi inatosha: «Mtoto wangu amelazwa tangu tarehe fulani. Ninaomba ruhusa ya siku tatu. Nitarudi tarehe fulani.» Siku zilizoombwa kwa barua, hata zisipolipwa, hazifanani na siku za kutoroka.

Pili, omba zikatwe katika konje yako ya mwaka. Mfanyakazi mkubwa anapata angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima aliofanya, na siku zinaongezeka kila baada ya miaka mitano. Kwa makubaliano na shefu, siku tatu za mtoto zinaweza kutoka humo.

Tatu, omba hopitali ikuandikie karatasi kwamba mtoto amelazwa na kwamba wewe ndiwe unayemlinda. Karatasi hiyo haikulipi mshahara, lakini ni ushahidi kwamba ulikuwa na sababu nzito.

Nne, baba naye ni mzazi. Kama mama ana kazi ya mapatano na baba ana siku zisizo na kazi, kwa nini kiti cha hopitali kiwe cha mama peke yake? Tunajua neno hili litaleta kelele katika nyumba fulani. Na lilete.

Ukikosa bila ruhusa: adhabu inapaswa kufuata njia

Tuseme umekosa na hukutoa habari. Umekosea, na kompani ina haki ya kukuuliza. Siku isiyofanyiwa kazi bila sababu hailipwi. Lakini adhabu nayo ina njia yake.

Kwa desturi, ofisi inaanza kwa kukuandikia «demande d'explication», barua ya kukuomba maelezo. Wengi wanaiogopa, wanaiacha bila kujibu. Hilo ni kosa kubwa. Barua hiyo ndiyo nafasi yako ya kujitetea. Jibu kwa maandishi, kwa upole, ndani ya muda uliotolewa, eleza ukweli, ambatanisha karatasi ulizo nazo, na ubaki na kopi.

Baada ya hapo, kufuatana na kanuni za kompani, yanaweza kuja maonyo, au «mise à pied», kusimamishwa bila mshahara. Kusimamishwa huko lazima kuwe kumeandikwa katika kanuni au mapatano, na hakuwezi kupita mara mbili siku 15 katika mwaka. Shefu anayekuambia «kaa nyumbani miezi miwili, tutakuita» anatoka nje ya sheria.

Kama kompani inataka kukufukuza, inapaswa kuandika barua yenye kutaja sababu. Ikisema ni «faute lourde», kosa zito linaloondoa preavi, inapaswa kukujulisha kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu ilipojua jambo lenyewe. Kufukuzwa kwa mdomo mlangoni pa kompani, na mlinzi akisema jina lako limeondolewa kwenye liste, si njia ya sheria.

Ukionewa, usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Mwone delege wa sendika, halafu upeleke shauri kwa Inspekta wa Kazi. Yeye anaita pande mbili kuzipatanisha, na bila kupita kwake kwanza tribinali ya kazi haipokei shauri la mtu mmoja. Tribinali ikiona umefukuzwa bila sababu halali, inaweza kuamuru urudishwe kazini. Kama haiwezekani, ulipwe fidia, ambayo haiwezi kupita mishahara ya miezi 36.

Na wanaofanya kazi siku kwa siku?

Wamama wengi wa hapa wanafanya usafi, wanapika au wanafua kwa kompani ndogo zinazofanyia kazi kompani kubwa za migodi, na wanaambiwa: «Wewe ni journalier, huna haki.» Si kweli yote. Aliyefanya siku 22 katika muda wa miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, mapatano yake mapya yanahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Na kama hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa, mfanyakazi anaweza kuthibitisha kazi yake kwa njia nyingine: mashahidi, ujumbe wa simu, alama za malipo. Basi uwe na kadaftari. Andika kila siku uliyofanya kazi, saa, na franka ulizopokea. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku za kazi ni mali.

Kwa jamaa za wachimbaji wa mikono, wale wanaochimba hapa kwetu Kamatanda, habari ni ngumu zaidi. Mchimbaji hana mkubwa aliyemwajiri, basi hana konje ya ugonjwa wala sehemu mbili juu ya tatu. Akiumia, siku hiyo hiyo sufuria inapoa. Kwao ulinzi ulio karibu ni akiba na umoja.

Kikundi chetu kinaweza kufanya nini?

Sheria tutaendelea kuidai, lakini mtoto hangoji sheria. Tunapendekeza mambo matatu kwa vikundi vyote.

Zamu ya hopitali: kila kikundi kiwe na orodha ya wamama wasio na kazi ya mapatano wanaoweza kukaa na mgonjwa saa za mchana, ili mama mwenye kazi aende, halafu arudi usiku. Na yeye siku ya malipo atawakumbuka wenzake.

Sanduku la ugonjwa: likirimba letu litenge sehemu ndogo kila juma kwa ajili ya mwanachama aliyekatwa mshahara kwa kumlinda mtoto.

Mama wa karatasi: katika kila kikundi achaguliwe mmoja anayejua kusoma na kuandika Kifaransa vizuri, awasaidie wengine kuandika barua ya ruhusa na kujibu «demande d'explication». Sisi walimu tuko tayari kuwafundisha hao, kila siku ya posho baada ya saa nane.

Sisi walimu tunajua upande wa pili pia. Mwalimu akikosa bila kutoa habari, watoto wote wa darasa wanabaki wakipiga kelele na mwenzake anabeba madarasa mawili. Kila kazi ina mtu anayebeba mzigo wa asiyekuja. Kwa hiyo kutoa habari mapema ni heshima kwa wenzetu, si kwa shefu peke yake.

Maswali ya kuzungumza katika kikao cha juma hili

1. Nani kati yetu amekwisha kusoma kanuni za ndani za kompani yake? Tuzilete.
2. Mtoto alipolazwa mara ya mwisho, nani alikaa naye, na nyumba ilipoteza nini?
3. Tungepewa nafasi ya kusema mbele ya sendika, tungeomba siku ngapi kwa mtoto mgonjwa, na tungezithibitisha namna gani?

Andikeni majibu ya swali la tatu na mtuletee. Tutayakusanya na kuwapelekea madelege wa sendika, ili siku wanapokaa na kompani kuandika mapatano mapya, mtoto mgonjwa naye awe na mstari wake.